Leseni Haiachwi Getini

Malori kumi na matano yalikuwa ndani ya uzio wa kampuni, na kumi na moja kati ya hayo hayakuwa na dereva. Majani yalikuwa yameshaanza kujipenyeza kwenye matairi. Kuku wa jirani alikuwa akitaga chini ya tela la mwisho kabisa, na mlinzi wa getini aliyahesabu mayai yale kuwa sehemu ya haki zake kazini.

Kila asubuhi Meneja alisimama dirishani na kikombe chake, akayatazama malori, akasonya. Kisha akageuka kumtazama Kimya.

Kimya lilikuwa jina alilopewa hapo ofisini, maana sauti yake ilikuwa ndogo mno. Waliopiga simu walimwambia asogeze mdomo, kumbe alikuwa ameshausogeza mpaka mwisho. Shule hakuimaliza, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakuwa mtu wa maneno mengi. Meneja alipenda yote mawili, akampa meza ya mapokezi kwa majaribio ya miezi mitatu. Huu ulikuwa mwezi wa tatu.

"Bado?" Meneja aliuliza.

"Bado."

"Tangazo umebandika?"

"Kituo cha mafuta, mizani ya malori, gereji zote. Hata kwa kinyozi."

"Basi madereva wa siku hizi hawataki kazi. Wanataka kulala."

Kiwanda cha saruji kilikuwa kinataka malori kumi kuanzia Jumatatu ya baada ya wiki mbili. Madereva wasipopatikana, mzigo ungekwenda kwa kampuni nyingine, na Meneja alikuwa amemweleza Kimya bila kupepesa macho kwamba mzigo ukienda, na kiti chake cha mapokezi kitaufuata. Nyumbani kwao hakukuwa na mshahara mwingine.

Kwa wiki tatu zilirudi fomu mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyewahi kuendesha trekta tu. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyedhani wanatafuta mlinzi.

Na watu walikuwa wanakuja. Hilo ndilo lililomsumbua Kimya. Kutoka kwenye meza yake aliliona geti lote, na madereva aliwatambua kwa mbali: mkono wa kulia umeungua jua kuliko wa kushoto, mwendo wa mtu ambaye miguu yake haijazoea kufanya kazi pasipo pedali. Mtu angefika, angechungulia matairi kupitia uzio, angetikisa kichwa kwa kuridhika. Angezungumza na mlinzi dakika moja. Halafu angegusa mfuko wa shati, angegeuka, na kuondoka haraka kama aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Siku moja Kimya alishuka kwenda kuangalia daftari la wageni. Jina, saa, sababu ya kuja. Kwenye nafasi ya maoni mlinzi alikuwa ameandika neno moja kuanzia juu mpaka chini: ameghairi, ameghairi, ameghairi.

"Afande, wanaghairi nini?"

"Nitajuaje mimi, mwanangu? Mtu anakuja, namsomea utaratibu, anaghairi."

"Utaratibu gani?"

"Si utaratibu. Jina, namba ya simu, kitambulisho. Kama kwingine kote." Alishusha sauti. "Mmoja alinitukana. Sitakwambia alisema nini, wewe ni mtoto wa watu."

Kimya akaamini kosa liko kwenye fomu. Fomu ilikuwa na kurasa nne, iliuliza mpaka jina la babu mzaa mama, na mwishoni ilimtaka dereva aeleze ndoto zake za miaka mitano ijayo. Akaipunguza ikawa ukurasa mmoja. Akaweka benchi kivulini na ndoo ya maji ya kunywa. Meneja alipoiona fomu mpya hakusema lolote kuhusu babu, ila aliuliza ndoto zimekwenda wapi, kwa kuwa swali lile alilitunga mwenyewe.

Wiki ikaisha. Kwenye benchi hakukaa mtu isipokuwa mlinzi.

Jumapili mchana alimkuta mjomba wake nyumbani, ameketi kizingitini, anachokonoa tope kwenye soli ya kiatu kwa kijiti. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, dereva wa malori tangu Kimya hajazaliwa. Kwa sasa hakuwa na lori lake la kudumu. Dereva wa watu akiugua au akifiwa, yeye ndiye aliyeitwa kushika usukani mpaka mwenyewe arudi.

"Mjomba, njoo uombe kazi kwetu."

"Mgongo wangu mwanangu, hauko sawa."

"Mgongo," mama alidakia kutoka kwenye karai la vyombo. "Juzi ulibeba kabati la jirani peke yako ukitaka mkewe akuone."

"Dada, lile kabati lilikuwa tupu."

"Na kichwa chako je? Mtu mzima na fani yako, unaishi kwa kungoja wenzio waugue. Mtoto anakupa kazi mkononi unaanza habari za mgongo."

Mjomba aliendelea kuchokonoa kiatu. "Malori yenu nayajua," alimwambia Kimya. "Mazuri. Matairi mapya, hakuna hata moja lenye kipara."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo. Mazuri."

"Mjomba, siku nane zijazo nikiwa sina madereva, na mimi sina kazi."

Hapo aliacha kile kijiti. Alimtazama mpwa wake, akamtazama dada yake mgongoni, akashusha pumzi. "Nitapita Jumatano," alisema.

Jumatano alipita kweli. Kimya alimwona kutoka mezani: amevaa shati la kunyooshwa, amechana nywele. Akachungulia matairi. Akazungumza na mlinzi. Akagusa mfuko wa shati. Akageuka.

Kimya aliteremka ngazi mbili mbili, akapita getini mbio, akamkamata kwenye kona ya ukuta.

"Mjomba, hata wewe?"

"Mlinzi wenu anataka leseni."

"Kitambulisho tu. Mpe kingine."

"Nimempa cha kupigia kura. Amekataa. Anasema agizo la Meneja ni kwamba dereva anaacha leseni, atachukua akitoka."

"Akitoka anaichukua, sasa shida iko wapi? Dakika ishirini."

Mjomba alisogea ukutani kumpisha mwendesha baiskeli. Aliongea taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Sikiliza. Leseni ya dereva haiachwi getini. Haiachwi dukani, haiachwi kwa shemeji. Mimi naingia nayo msalani. Unanielewa? Zamani sana niliiacha kwa tajiri mmoja, akasema anaitunza isipotee. Niliiona tena baada ya miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne nikiendesha lori ambalo breki zake zilikuwa ni kuomba Mungu. Nikimwambia sitaki safari, ananiambia basi nenda. Niende wapi? Nani anampa lori mtu asiye na leseni? Nikasema imepotea nitengenezewe nyingine, akasema atakwenda polisi kueleza anayo yeye, mimi mwongo. Mama yako alidhani napenda kazi."

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Na wale wanne wenu wanaotembea na karatasi?"

Kimya aliwajua wale wanne. Ndio madereva pekee waliobaki. Kila mwezi alipiga muhuri kwenye nakala za leseni zao ili wawaonyeshe polisi barabarani. "Leseni zao ziko kwa watu wa bima," alisema. "Zinahakikiwa. Meneja ndiye aliyeniambia."

"Bima," alisema Mjomba. "Mizani nzima inacheka hiyo bima."

Kimya alirudi ofisini uso unamwaka. Alisimama mbele ya meza ya Meneja mpaka akaonekana, kisha akaeleza kwa sentensi tatu kwamba madereva wanaogopa kuacha leseni, kwamba waruhusiwe kuacha kitambulisho kingine, au wasiache kitu.

"Mwaka juzi mmoja aliingia kuomba kazi akatoka na vioo viwili vya pembeni," alisema Meneja. "Leseni ndiyo inayomrudisha mtu. Mwenye nia safi anaogopa nini?" Akarudi kwenye simu yake. Hakuwa mkali hata kidogo. Kimya alitamani angekuwa mkali, pengine naye angepata pa kushikia.

Zilibaki siku tano. Jioni ile alimfuata Mjomba alikopanga chumba, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema neno ambalo baadaye alilijutia. "Nitasimama getini mwenyewe. Leseni ikiwa kwenye droo ya mlinzi nitakuwa naiangalia kwa macho yangu mpaka utoke."

Mjomba aligusa mfuko wa shati. "Ni kwa sababu yako," alisema. "Angekuwa mtu mwingine, ningekwisha mfukuza."

Ijumaa asubuhi alifika. Aliitoa leseni mfukoni kama mtu anayevuliwa pete kwa sabuni, akamkabidhi mlinzi, mlinzi akaitia drooni. Kimya akajisimika pale pale, mkono juu ya meza ya mlinzi.

Majaribio yalifanyika uani, na hata watu wa stoo walitoka kutazama. Mjomba hakupanda lori moja kwa moja. Alilizunguka kwanza, akagonga kila tairi kwa kipande cha mti huku ametega sikio. Aliinama chini ya tela, akatoweka, akaibuka na mayai mawili, akamkabidhi Fundi wa kampuni, aliyesimamia majaribio. Mlinzi alikohoa. Halafu Mjomba akapanda, akawasha, akasikiliza injini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Fundi alimwonyesha pengo kati ya ukuta na tangi la maji, akamwambia aingize tela kinyumenyume. Tela liliingia mara moja, bila kusimama, bila kurekebisha.

"Huyu anarudisha tela kama mtu anayevuta kiti akae," alisema Fundi.

Meneja alikuwa dirishani. Alipiga makofi. Kisha simu ya mlinzi ikalia: Kimya alete muhuri na fomu safi, haraka.

Aliitazama droo. Alimtazama mlinzi. "Afande, asiiguse mtu."

"Nenda bwana, mimi niko hapa."

Muhuri haukuwa mahali pake. Ulikuwa juu ya kabati, na Kimya hakujua nani aliupandisha kule. Alipanda kiti, akaushusha, akatafuta fomu, akapeleka kwenye meza ya Meneja, lakini Meneja hakuwepo mezani. Alipofika tena getini Mjomba alikuwa amesimama pale, ameweka kiganja wazi mbele ya mlinzi.

"Meneja amepita akaichukua," mlinzi alisema, akimtazama Kimya badala ya Mjomba. "Yeye ndiye bosi. Nimwambieje?"

"Ameniambia nianze Jumatatu," alisema Mjomba. "Nimemwambia nitamjibu."

Kimya alingoja amgombeze. Alingoja hata tusi. Mjomba alivuka barabara tu, akaketi kwenye ukingo wa mtaro upande wa pili, mikono juu ya magoti, shati la kunyooshwa limelowa jasho mgongoni. Hakuangalia geti. Hilo lilimuuma Kimya kuliko tusi.

Kimya alipopanda ofisini alimkuta Meneja amerudi mezani, akifurahi kwelikweli. "Mjomba wako ni hazina," alisema. "Ungenificha mtu kama yule mpaka lini?" Akafungua kabati la chuma lililokuwa nyuma ya kiti chake, akamtupia Kimya leseni juu ya meza. "Mwandikie namba kwenye faili, halafu iweke na za wenzake."

Za wenzake zilikuwa pale kwenye rafu ya juu, nne, zimefungwa kwa mpira kama karata. Ya juu kabisa ilimwonyesha Kimya uso wa dereva mmoja mwenye masharubu, amekaza macho kwa mpiga picha.

"Si zilikuwa bima?" aliuliza.

"Zilikuwa." Meneja alivuta kiti. "Usinitazame hivyo. Nimeachiwa lori njiani mara tatu. Mara tatu. Funguo kwenye kiti, mzigo wa watu juu, dereva kaitwa na kampuni nyingine kaenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mjomba hajakubali kazi."

"Atakubali. Bila leseni atakuwa na jibu gani jingine?" Akatabasamu. "Akianza yeye, wengine watamfuata, na wewe kiti chako kimepona. Kuna tatizo gani?"

Kimya alikuwa ameshika kalamu. Alikumbuka mihuri yote aliyoigonga kwenye zile nakala, mwezi baada ya mwezi, akijitahidi ikae sawasawa, isipinde. Aliiweka kalamu. Akaichukua leseni ya Mjomba, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpa."

Meneja hakuinuka. Pengine hakuamini, maana tangu aingie ofisini humo Kimya hakuwahi kukaidi agizo lake. "Ukivuka geti na hiyo leseni," alisema polepole, "utoke na mkoba wako kabisa."

Kimya akapitia mezani pake, akauchukua mkoba. Akashuka ngazi.

Uani wale madereva wanne walikuwa wanakaza turubai juu ya mizigo ya siku ile, injini zikinguruma. Angeweza kupita pembeni. Kupaza sauti hakuweza, kwa hiyo alikwenda mpaka karibu kabisa na yule mwenye masharubu, karibu kiasi cha kusikia harufu ya dizeli kwenye mikono yake.

"Leseni zenu haziko bima," alisema. "Ziko kabatini nyuma ya kiti cha Meneja, rafu ya juu. Kabati liko wazi sasa hivi."

Mwenye masharubu alimtazama. "Wewe ndiye unayetupigia mihuri."

"Mimi ndiye."

Alifikiri aseme zaidi, lakini yule dereva alikuwa ameshageuka. Aliwaita wenzake kwa jicho. Wakazima injini moja baada ya nyingine, na ua wote ukatulia. Wakapanda ngazi wanne, kwa mstari, bila haraka, wakijipangusa mikono kwenye suruali.

Kimya alimpa Mjomba leseni yake ng'ambo ya barabara. Mjomba aliigeuza huku na huku kama anayetafuta mkwaruzo, akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Na kazi yako?"

"Imekwisha."

Hakumshukuru, na Kimya hakutegemea. Walikaa ukingoni wakitazama dirisha la ofisi. Hazikusikika kelele. Baada ya muda wale wanne wakateremka, na kila mmoja alikuwa na kitu mfukoni alichokigusa kila baada ya hatua mbili tatu.

"Sasa wanaondoka," alisema Kimya. Alijua atafurahi. Alitaka kumwona Meneja na malori kumi na matano na majani.

Lakini madereva hawakuelekea getini kwa miguu. Walikaza kamba za turubai zilizobaki. Mmoja alipiga tairi teke. Wakapanda, wakawasha, na mlinzi akafungua geti kwa mikono miwili. Malori manne yakatoka, moja nyuma ya jingine, yakashika barabara ya kwenda kazini kama siku zote.

"Wanakwenda wapi hawa?" Kimya aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilipanda. "Mjomba, wamepewa leseni zao. Wanakwenda wapi?"

"Kupeleka mzigo."

"Kwa nini?"

"Kwani wewe ulidhani wanataka nini?" alisema Mjomba. "Mzigo ni wa watu, lazima ufike. Matairi mapya yale. Hata mimi ningekwenda."

Kimya alimtazama kwa hasira ambayo hakujua aipeleke wapi. Kule dirishani Meneja alikuwa amesimama bila kikombe, anayasindikiza malori kwa macho mpaka la mwisho likapinda kona. Aliendelea kusimama hata barabara ilipokuwa tupu.

"Ungeniambia tu," alisema Kimya. "Kule nyumbani, Jumapili. Ukasema mgongo."

"Nikuambie wewe kwamba bosi wako hafai, na mama yako anasikiliza?" Mjomba aliinuka, akajipangusa vumbi suruali. "Haya twende. Nani atamweleza?"

"Wewe. Ni dada yako."

"Mimi atanirushia sufuria."

"Mimi atanililia," alisema Kimya. "Bora sufuria."

Mjomba alifikiri, akagusa mfuko wa shati, akatangulia.